Ukimkuta Ndege Majeruhi Vigwaza

Anayepita Vigwaza usiku huyaona malori yaliyojipanga kusubiri mizani, lakini panya hawaoni. Malori ya nafaka hudondosha punje kila yanaposimama na kuondoka. Mchana tetere na pugi hushuka kwenye lami kuziokota, usiku panya hutoka majanini kuzifuata, na bundi humfuata panya, akikatiza barabara chini chini, kimo kile kile cha taa za basi. Alfajiri mwewe naye huja kuokota kilichokanyagwa. Barabara ya Morogoro inawalisha ndege hawa na inawavunja mabawa, na anayewakuta asubuhi ni mwanafunzi anayekwenda shule, kijana wa bodaboda, au mama ntilie anayewasha moto karibu na mizani.

Hatari haiko kwenye lami tu. Upande wa Mto Ruvu kuna mashamba ya mpunga, na penye mpunga hufika kwelea kwelea, na wakizidi kwelea kwelea hunyunyiziwa sumu. Nyaya za umeme zinapita juu ya mapori. Watoto wana manati, wengine wana ulimbo. Ukishuka pwani, kuanzia Mlingotini na Kaole hadi Bagamoyo mjini na kuendelea Saadani, mchanga umejaa vipande vya nyavu, mishipi ya nailoni na ndoana.

Ndege wengi niliowaona wakifia mikononi mwa watu walikuwa wameponea gari au jiwe, kisha wakauawa na huruma. Mimi mwenyewe nimeshafanya hivyo. Nilimkuta bundi mweupe usoni ameketi ukingoni mwa barabara, bawa limelegea, macho wazi. Nikamhurumia kwa joto lile, nikamfungua mdomo, nikamtilia maji kwa kifuniko cha chupa. Alitingisha kichwa mara mbili tatu, akaanza kupumua kwa mlio, na kabla ya adhuhuri alikuwa amekwisha. Nilidhani ni majeraha. Baadaye daktari wa mifugo alinionyesha mdomo wa kuku na kunielekeza pale nyuma ya ulimi: tundu la pumzi la ndege liko pale pale, wazi, njiani kwa kila unachomimina. Maji yangu yalikuwa yameingia kwenye mapafu.

Kwa hiyo shika hili kabla ya mengine yote: kumtibu ni kazi ya daktari. Wewe kazi yako ni kumtoa hatarini, kumweka gizani na kwenye utulivu, na kumfikisha.

Kabla hujamgusa

Usiingie barabarani kwa ajili ya ndege. Malori yanayotoka mizani yanavuta mwendo, na dereva aliyekesha hamtarajii mtu aliyeinama katikati ya lami. Ngoja nafasi, mtume mwenzako asimame aangalie magari, kisha uende. Ukimkuta chini ya nguzo au waya wa umeme, tazama juu kwanza. Waya ukiwa umening'inia au umelala chini, rudi nyuma, zuia watu wasisogee, na wapigie TANESCO. Ndege aliyeunguzwa na umeme anaweza kuonekana mzima kwa nje huku nyama ya ndani imeiva. Huyo asiachwe eti kwa sababu amesimama mwenyewe.

Kisha mtazame kwa mbali dakika chache. Ndege mzima hakuruhusu usogee. Akikuacha umkaribie, akiburuta bawa, akipinda shingo, akiwa na damu, au nzi wakimzunguka, anahitaji msaada. Akiruka hata kama anaruka vibaya, usimkimbize porini mpaka achoke. Mbio hizo zinammaliza kuliko jeraha lenyewe. Ndege anaweza kubeba jeraha kwa namna ya kushangaza. Mwaka 1822 huko Klütz, kaskazini mwa Ujerumani, alipatikana korongo mweupe aliyetoka Afrika na mkuki wa mti umepenya shingoni. Alikuwa amevuka bara na bahari na mkuki wake, na mpaka leo amehifadhiwa Chuo Kikuu cha Rostock. Wazungu wa wakati ule walikuwa bado wanabishana korongo huenda wapi majira ya baridi. Mkuki ule ukawajibu.

Makinda ni habari nyingine, na hapa ndipo wema wetu unapokosea mara nyingi. Ukiona kinda mwenye manyoya tayari, mkia mfupi, anarukaruka chini ya mwembe na kupiga kelele, huyo hajaanguka. Anajifunza. Mama na baba wako karibu wanamlisha, na wanasubiri uondoke. Kama kuna paka au mbwa, mnyanyue umweke kwenye tawi la karibu, basi. Kinda mtupu asiye na manyoya ndiye wa kurudishwa kwenye kiota ukikifikia. Wazee wengi watakwambia mama atamkataa kwa sababu ya harufu ya mkono wako. Hatamkataa, ndege hatambui watoto wake kwa kunusa.

Kumshika

Hakuna kifaa bora kuliko khanga. Msogelee kutoka nyuma, taratibu, mrushie khanga afunikwe wote pamoja na kichwa. Giza likimfika, nusu ya hofu yake huisha. Kisha mzungushie mikono yote miwili juu ya mabawa, ukiyabana kwenye mwili wake, umwinue. Usimbane kifua. Ndege hupumua kwa kunyanyua na kushusha mfupa wa kifua, kwa hiyo unayembana hapo unamnyonga hata kama shingo umeiacha huru.

Jua pia silaha yake iko wapi. Tai, mwewe, kipanga na bundi hupigana kwa miguu. Mdomo wa bundi unatisha, lakini kucha ndizo zitakazoingia mfupani mwako. Shika miguu yote miwili juu ya vidole, ndani ya khanga, usiiachie mpaka afike kwenye boksi. Korongo, yangeyange na mdiria hupiga kwa mdomo, na hulenga macho, kwa sababu jicho lako linang'aa kama samaki. Mshike korongo kichwa nyuma ya taya kwanza, mweke mbali na uso wako, na vaa miwani yoyote uliyo nayo. Mwari, yule mwenye mfuko chini ya mdomo, asifungwe mdomo hata kidogo: hupumulia humo.

Vaa glavu, au mifuko ya plastiki mikononi kama huna. Ukimaliza nawa kwa sabuni. Wala usimpeleke kwenye banda la kuku, hata kwa dakika tano. Ndege wa porini anaweza kubeba mdondo au mafua ya ndege bila kuonyesha dalili, na kuku wako nao wana maradhi ya kumpa yeye.

Boksi

Tafuta boksi la kadibodi lenye kumtosha asimame bila kugonga kichwa, lakini lisiwe kubwa kiasi cha kumwezesha kupiga mabawa. Boksi la sabuni au la mafuta ya kula, ambalo duka lolote la Vigwaza litakupa bure, linafaa kwa ndege wa kimo cha njiwa hadi bundi. Toboa matundu ubavuni, chini chini, kabla ndege hajaingia. Tandika kitambaa kisicho na nyuzi ndefu, maana nyuzi huviringika miguuni. Ukiviringisha kitambaa kama kata ya kubebea ndoo ukamketisha katikati, hata ndege aliyezimia atakaa wima, na hilo peke yake humsaidia kupumua.

Watu wengi wa kwetu watakimbilia tenga la kuku. Nalielewa tenga, ndilo lililo karibu. Lakini ndege wa porini akiona mwanga kwenye nafasi za fito huzigonga mpaka avunje manyoya ya mabawa, na ndege aliyepona mfupa huku manyoya yake makubwa yamevunjika atakaa miezi mingi bila kuruka, mpaka yaote mengine. Kama tenga ndilo pekee, lizungushie khanga ndani na nje mpaka kuwe giza.

Funga boksi, liweke mahali pa kivuli na kimya, mbali na redio, watoto na mbwa. Vitabu vingi vya nchi za baridi vitakuambia umpashe joto. Vigwaza mchana wa Februari shida ni kinyume chake: boksi likiwekwa juani au kwenye buti la gari lililozimwa, ndege atakufa ndani ya dakika chache. Akihema mdomo wazi, mhamishie penye upepo. Ila usiku wa masika, akiwa ameloa, chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwenye kitambaa na kuegeshwa upande mmoja wa boksi inafaa, mradi ana nafasi ya kusogea mbali nayo.

Sasa funika, uondoke. Najua hili ndilo gumu. Jirani atataka kuona, watoto watataka kuona, wewe mwenyewe utataka kuchungulia kama bado yu hai. Kila mara unapofungua, ndege anaona uso wa mnyama mkubwa aliyekuja kumla. Hakuzoei, wala hatulizwi na sauti yako ya upole. Akikaa kimya mkononi mwako huku unampapasa kichwani, hiyo ni hofu iliyomgandisha.

Usichompa na usichompaka

Usimpe maji kwa nguvu, usimpe maziwa, mkate, ugali wala wali. Ndege mkubwa aliyekomaa anaweza kusubiri mpaka kesho. Wadogo kama mbayuwayu na chiriku hawavumilii muda mrefu, kwa hiyo hao ndio wa kuharakishia simu, ili mtaalamu akueleze cha kuwapa kulingana na aina yao.

Damu ikitoka, bonyeza kwa kitambaa safi dakika tano bila kuinua uangalie. Ukucha au unyoya uliovunjika unaotoa damu unaweza kubanwa kwa unga wa ngano kidogo, lakini usitie unga kwenye kidonda cha nyama. Usitie majivu, mafuta ya taa, grisi, spiriti wala dawa ya kupaka ya mafuta. Manyoya yakilowa mafuta hayamkingi tena na baridi wala mvua. Mfupa ukiwa umejitokeza, usiuoshe kwa kumwagia maji: baadhi ya mifupa ya ndege ina uwazi uliounganika na vifuko vyake vya hewa, na maji yakipitia bega yanaweza kumzamisha. Funika tu kwa kitambaa safi kilicholowa kidogo. Bawa linaloning'inia liegemeze mwilini kama alivyokuwa akilikunja mwenyewe, ulizungushie kitambaa laini bila kukaza. Usimfunge vijiti. Nimeona mguu wa korongo umefungwa vijiti vya mnazi kwa mpira wa baiskeli, kazi ya mtu mwenye nia njema kabisa, na chini ya mpira mguu umekwisha kuwa mweusi.

Wala usimpe dawa za binadamu za maumivu. Diklofenaki, ambayo kila duka la dawa linayo, ndiyo iliyowamaliza tumbusi wa India na Pakistani. Ng'ombe walidungwa dawa hiyo, wakafa, tumbusi wakala mizoga, na figo zao zikaharibika. Watafiti waligundua chanzo hicho mwaka 2004, na wakati huo baadhi ya aina zilikuwa zimepungua kwa zaidi ya asilimia 90. Hao walikula mabaki tu ndani ya nyama.

Ndoana nayo ina kanuni yake. Usiivute kurudi ilikotoka. Ikiwa imeingia kwenye ngozi ya bawa au mguu, isukume ncha itokeze upande wa pili, kata ncha kwa koleo, kisha toa mti wake. Mshipi ukiwa unatokea mdomoni, ndoana iko tumboni au kooni: acha kipande cha mshipi nje, kibandike asikimeze, mpeleke. Wavuvi wanaojua kutoa ndoana kwenye samaki watakushinda kwa ustadi wa mkono, waombe msaada. Aliyenaswa na ulimbo mnyunyizie unga ili asiendelee kujigandisha, na umwachie daktari kazi ya kumsafisha.

Ndege wa shamba la mpunga

Ukikuta ndege zaidi ya mmoja chini, wanatetemeka, wamekunja vidole kama ngumi, mate yanawatoka, wanashindwa kusimama ingawa hawana jeraha, fikiria sumu. Dawa inayotumika sana dhidi ya kwelea kwelea Afrika Mashariki ni fenthioni, na haichagui. Tai, kipanga na bundi wakila kwelea aliyenyunyiziwa nao huanguka. Hapa usimguse ndege kwa mkono mtupu, maana sumu hiyo hupita kwenye ngozi. Ipo dawa ya kuizima, atropini, na madaktari wa mifugo wanayo, kwa hiyo saa ya kwanza ina thamani kubwa. Mjulishe afisa kilimo wa kata siku hiyo hiyo.

Na tafadhali, waambie majirani. Kwelea kwelea ni kitoweo kwa wengi, na wakianguka kwa mamia ni rahisi kujaza ndoo. Ndege walioanguka wenyewe shambani wasiliwe na mtu, wasipewe mbwa wala kuku.

Utakutana pia na sauti nyingine. Mama mmoja pale mizani, nilipokuwa nimembeba kanga aliyevunjika mguu, aliniambia, “Mwanangu, mchinje kabla hajawa kibudu.” Alisema kwa huruma, na kwa kuku wake angekuwa na haki. Nikamjibu, “Shikamoo mama, huyu si wangu wala si wako, ni wa serikali.” Akacheka, akanipa boksi.

Nani wa kumwita

Jibu lile lina msingi. Kwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, wanyamapori wote ni mali ya umma, Rais akiwa mdhamini wao, na ndege wamo. Kumweka nyumbani bila kibali ni kosa hata kama unamtunza vizuri, na hata manyoya na kucha zake ni nyara za serikali. Kwa hiyo ripoti mapema. Kuripoti kunakusaidia wewe na ndege pia.

Anza na mtendaji wa kijiji au wa kata, na afisa mifugo wa kata. Usimdharau afisa mifugo kwa kuwa amezoea ng'ombe na kuku: mtu aliyeshika kuku elfu anajua bawa lilivyoungana. Kisha afisa wanyamapori wa halmashauri. Hapa wengi hupotea njia. Vigwaza iko Wilaya ya Bagamoyo, lakini halmashauri yake ni Chalinze, kwa hiyo usimpakie ndege kwenda Bagamoyo mjini kabla hujapiga simu. Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, TAWA, ambayo makao yake makuu yako Morogoro, ndiyo yenye dhamana nje ya hifadhi za taifa. Aliyeko karibu na Hifadhi ya Taifa ya Saadani awatafute askari wa TANAPA. Namba zao zitafute leo, uziandike kwenye simu, kabla ya siku ya ndege.

Kwa tiba kubwa, bahati ya Vigwaza ni barabara ile ile inayowajeruhi. Ukipanda basi la Morogoro unafika mji wenye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, ambako madaktari wa wanyama wanafundishwa na kuna hospitali ya wanyama. Piga simu kwanza, eleza ukubwa wa ndege, rangi, mdomo wake, ulivyomkuta. Tuma picha moja uliyompiga kabla ya kufunga boksi. Omba barua fupi ya mtendaji au ujumbe wa simu wa afisa wanyamapori unaosema unampeleka wapi, maana askari barabarani akikuta tai ndani ya boksi lako ana haki ya kukuuliza. Usisubiri Jumatatu ikiwa kuna mfupa uliovunjika. Mifupa ya ndege huanza kuunga ndani ya siku chache, na ikiunga vibaya, kuinyoosha ni kuivunja upya.

Kama ni bundi, fikiria pia safari yenyewe. Abiria wanaoamini kwamba bundi ni mjumbe wa mchawi wanaweza kukushusha porini, na wapo watakaotaka kumpiga mawe. Sibishani na mtu ndani ya basi. Boksi limefungwa, ni ndege, anakwenda kwa daktari. Nyumbani ndiko ninakoeleza kwamba yule ndiye anayekula panya wanaotoboa magunia yetu.

Jiandae kwa majibu mawili. Daktari anaweza kukuambia kiungo cha bawa kimesagika na kwamba jambo la huruma ni kumpumzisha kwa sindano. Kubali. Tai asiyeruka porini hufa njaa polepole. Au atakuambia atapona, lakini kwa muda mrefu kuliko unavyofikiri. Huko Naivasha, Kenya, Simon Thomsett na Shiv Kapila wamekuwa wakiwatibu tai, bundi na tumbusi walioumizwa na nyaya za umeme na sumu, na ndege mmoja anaweza kukaa nao miezi mingi akirudishiwa nguvu za kuwinda kabla ya kuachiwa. Ndege uliyemkuta akiwa na pete mguuni, piga picha herufi na namba zake zote umpe afisa au daktari. Huenda alivishwa nchi ya mbali, na mtu fulani huko anangoja kusikia alifika wapi.

Aliyegonga kioo au ubavu wa gari bila kuvunjika ndiye pekee unayeweza kumhudumia mwenyewe mpaka mwisho. Mwache kwenye boksi gizani saa moja au mbili. Ukisikia anakwaruza kwa nguvu, mpeleke karibu na ulipomkuta, ila ndani ya pori, mbali na lami. Wa mchana mwachie asubuhi, bundi jua linapozama. Weka boksi chini, fungua upande mmoja ukielekea upepo, urudi nyuma hatua ishirini. Usimrushe hewani. Anaweza kukaa pale mlangoni dakika kumi akitazama miti, na wewe kaa tu.